Dubu Mwenye Mabega Matatu

"Hivi wewe Dorcas, kijiji ambacho kila mtu anajua mwenzake jana kala nini, polisi wa nini?"

Jirani yake mmoja alimwuliza hivyo zamani, siku ya kwanza alipomwona ndani ya sare. Sajini Dorcas Mianscum alicheka, akaendelea kufunga kamba za buti zake. Swali hilo lilimrudia asubuhi moja ya mwezi wa tano, barafu ya mto imekwisha kukatika, bata bukini wanapita juu makundi kwa makundi wakigombana angani. Alikuwa hajamaliza chai. Minnie Blackned alikuwa mlangoni, mguu mmoja kavaa buti na mwingine ndala, anaupiga mlango kama anapiga ngoma.

"Dada Dorcas, mfupa haupo!"

"Mfupa gani? Jana tumekula dubu mzima. Mifupa ndiyo tuliyonayo."

"Ule wa kabatini! Ule uliorudishwa!"

Dorcas akaweka kikombe chini.

Minnie ndiye mwangalizi wa Nyumba ya Mila, nyumba ambayo Wakrii, wenyeji wa kijiji hicho cha Wapusipi, wameijenga ukingoni mwa mto ili vitu vya wazee wao vipate pa kukaa. Vitu vyenyewe vilichukuliwa zamani na wageni, vikapelekwa makumbusho ya mji mkubwa wa kusini. Minnie alihangaika miaka na miaka kuvidai. Mwishowe, majira ya baridi yaliyopita, wale watu wa kusini wakarudisha kitu kimoja cha majaribio: mfupa wa bega la kulungu wa kaskazini, umeunguzwa kwa makaa. Wawindaji wa zamani walikuwa wakiushika juu ya moto wakati wa njaa, nyufa zikajichora, nao wakasoma humo njia ya kufuata. Walimwambia Minnie, tuone mtautunzaje. Mkiutunza vizuri tutaleta mengine.

Na hayo mengine yalikuwa yanakuja siku hiyohiyo. Bi Gauthier wa makumbusho angetua mchana na masanduku tumboni mwa ndege. Angekagua mfupa kwanza. Akiridhika, masanduku yashuke. Asiporidhika, ndege igeuze nayo.

Ndani ya sanduku mojawapo kulikuwa na ngoma ya wawindaji, na ndani ya jingine kofia ya shanga ya marehemu mama yake Bella, na Bella ndiye aliyemzaa Minnie. Bella alikuwa akiuliza habari za kofia ile kila asubuhi, kama watu wengine wanavyouliza kama upepo umegeuka.

"Mama ameshajua?" Dorcas aliuliza, anavaa koti.

"Yuko jikoni pale pale Nyumba ya Mila, ananyonyoa bata wa mgeni, anaimba. Sijathubutu kumwambia."

Walikwenda kwa pikapu ya polisi, matope yakiruka hadi kwenye vioo.

Kabati la kioo lilikuwa zima. Kufuli lilikuwa mahali pake, halina hata mkwaruzo. Dorcas alilizunguka, akainama, akanusa.

"Ufunguo?"

Minnie akautoa shingoni.

"Umelala nao?"

"Nimelala nao."

"Basi mwizi amepita kwenye kioo kama upepo. Au hakuna kilichotolewa hapa na mwizi. Minnie, nitazame."

Minnie akatazama sakafu.

"Nilikitoa mimi," akasema. "Jana jioni, wakati wa karamu. Wazee walitaka kukiona. Na Babu Sinclair, macho yake yana ukungu siku hizi, anangoja zamu yake ya kupasuliwa huko kusini. Ataonaje kupitia kioo? Nikamwekea mkononi. Akakipapasa, akafurahi, akanirudishia. Nikakiweka juu ya sinia la mti, kwenye kile kitambaa chekundu, mwisho wa meza kule. Nikasema nikishagawa chakula nitakirudisha."

"Halafu?"

"Halafu fidla ikaanza."

Dorcas alitikisa kichwa. Yeye mwenyewe alicheza jana hadi soksi zikatoboka.

Akaenda mwisho wa meza. Sinia lilikuwapo, limepanguswa. Kitambaa chekundu hakikuwapo. Akachuchumaa, akaokota sakafuni kipande cha utepe wa rangi ya samawati, kifupi kama kidole, ncha moja imekatwa kwa kisu. Akakitia mfukoni. Kisha akaenda kwenye mapipa ya taka, akafungua la kwanza, akafungua la pili, akaingiza mkono hadi kiwikoni.

"Mimi natafuta kitu cha babu zetu, wewe unachezea taka?" Minnie alilalamika.

"Sahani za karatasi zipo. Makopo yapo. Watu zaidi ya mia wamekula nyama hapa jana, na sioni mfupa hata mmoja."

"Mifupa haitupwi huko, dada. Umekuwa mgeni lini?"

"Najua haitupwi. Nataka kujua ilikwenda na nani."

Minnie hakumsikiliza. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anatazama rafu tupu alizozipangusa kwa ajili ya masanduku.

Jikoni, Bella Blackned alikuwa amezama kwenye manyoya hadi nyusi. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, na kila mstari ulikwisha kwa kunyofoa bawa.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Ukija jikoni kwangu na sare, kaa mbali na unga."

"Jana usiku nani alikuwa wa mwisho kwenye ile meza ya mwisho?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Tangu ukiwa mdogo huulizi tu." Bella akaweka bata chini, akamtazama Dorcas, kisha akamtazama binti yake aliyesimama nyuma ya mlango. Hakuhitaji kuambiwa. Akafuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kwa kidole. "Mfupa."

"Tutaupata, mama," Minnie akasema.

"Sijasema hamtaupata." Akamgeukia Dorcas. "Masinia niliyapangusa mimi wakati watu wanacheza. Lile la mwisho nililikuta tupu. Nikadhani Minnie ameshakirudisha kitu chake. Ila nitakwambia nilichokiona kabla ya hapo. Mchungaji Malcolm alisimama mwisho wa meza ile peke yake, muda mrefu, kainama. Alipoona namtazama akashtuka kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari. Na Jumapili si ulimsikia?"

Kijiji kizima kilimsikia. Mchungaji Malcolm Cheezo alisimama mbele ya kanisa lake dogo la mbao akasema mfupa ule ni bao la waaguzi na hauna kazi katika kijiji cha watu wanaosali.

"Nilimsikia," Dorcas alisema.

"Basi."

Malcolm alikuwa nyuma ya kanisa akipasua kuni. Ni binamu yake Dorcas kwa upande wa mama, na hao wawili walikuwa hawajasalimiana kwa adabu tangu walipoota meno.

"Karibu, serikali," Malcolm akasema. "Umekuja kutubu?"

"Nimekuja kukushika mkono."

Akaunyosha wake. Malcolm, kwa mazoea ya kazi yake, akautoa wake bila kufikiri. Dorcas akaubana, akamsalimu, kisha hakuuachia. Viganja vilikuwa vimegandana.

"Utomvu wa msonobari," Dorcas akasema. "Na mwingine uko kwenye mkono wa shati. Kuni unazopasua ni za mti mwingine, tena zimekauka. Na viatu vyako vya ibada, vile kule kibarazani, vina matope ya ncha ya mto. Jana usiku ulikwenda wapi, binamu?"

"Niachie mkono kwanza."

"Jibu kwanza."

"Wewe mwanamke! Kumetokea nini?"

"Mfupa wa Nyumba ya Mila haupo. Na Jumapili ulisema utupwe."

Malcolm akafura. "Nilisema usiabudiwe! Sikusema utupwe. Ungekuja ibadani mapema ungesikia vizuri. Wewe uliingia kwenye amina."

"Jana ulisimama peke yako mbele yake. Ulikuwa unafanya nini?"

Mchungaji akageuza uso. Akatazama kuni, akatazama mawingu. Dorcas aliendelea kumshika, na akamwona akibadilika rangi kuanzia shingoni kwenda juu. Alishahoji watu wengi, na rangi ile aliijua. Akasogea hatua moja karibu.

"Malcolm. Mchana huu ndege inakuja. Bella ananyonyoa bata huku analia moyoni. Sema."

"Pudini," Malcolm akasema kwa sauti ndogo.

"Nini?"

"Pudini ya matunda ya porini! Ilikuwa mwisho wa meza, karibu na hicho kimfupa chenu. Daktari kanikataza sukari. Nilikula bakuli tatu nimesimama, Bella akanitazama, nikatamani ardhi ipasuke. Haya, niandike, nifunge."

Dorcas aliuma mdomo wa chini ili asicheke mbele ya mshukiwa. "Na utomvu?"

"Utomvu ni wa kazi halali. Nilimshikia Babu Sinclair ngazi. Alikuwa anatundika mifupa ya dubu pale kwenye msonobari wa ncha ya mto, ni haki yake, mtego uliomnasa ni wake. Mzee haoni vizuri, ningemwacha apande peke yake gizani avunjike shingo? Mimi ni mchungaji, si jiwe."

Dorcas akaacha kuuma mdomo.

"Mifupa aliikusanya nani?"

"Yeye mwenyewe. Unamjua. Alipita meza nzima na ndoo, anapapasa sahani moja baada ya moja, asiache hata kijimfupa kimoja."

"Meza nzima."

"Mwanzo hadi mwisho."

"Na akaifunga kwenye nini?"

"Midogo kwenye ndoo, mikubwa kwenye kitambaa. Kitambaa che..." Malcolm akasimama na mdomo wazi. Shoka lilimponyoka likaanguka kando ya mguu wake. "Chekundu. Dorcas. Dorcas, mimi nilishika ngazi!"

"Uliishika."

"Nilisema na amina alipomaliza kukitundika!"

Waliteremka kwa miguu hadi ncha ya mto, pale ardhi inapochomoza majini, Malcolm akijisemea maneno njia nzima. Msonobari wenyewe ulikuwa umefyekwa matawi ya katikati tangu zamani, ukaachwa na shungi juu, na kwenye shina lake zilipepea tepe za miaka mingi, nyingine zimepauka kuwa nyeupe. Mpya zilikuwa za samawati. Dorcas akatoa kile kipande mfukoni, akakilinganisha, akakirudisha. Kisha akaweka machoni darubini yake ya kuwindia bata.

Fuvu la dubu lilikuwa juu, limeelekezwa mawio. Chini yake mbavu. Chini ya mbavu kitambaa chekundu kimefunguka kwa upepo wa usiku, na mifupa mikubwa imefungwa mmoja mmoja kwa utepe.

"Bega la kulia," Dorcas akahesabu. "Bega la kushoto." Akaisogeza darubini. "Na bega."

"Nipe nione."

Akampa. Malcolm alitazama muda mrefu.

"Dubu gani huyu mwenye mabega matatu?" akauliza. Na hapo hawakuweza tena. Walicheka mpaka Malcolm akakaa chini kwenye matope na suruali yake safi.

Babu Sinclair alikuwa katika hema lake la turubai hapo karibu, anakausha bata juu ya moshi. Alicheka zaidi yao alipoambiwa. Alijipiga mapaja.

"Nilishangaa, mjue! Nilipopapasa nikasema, mabega mawili yana mafuta, hili la tatu kavu kama ubao. Nikasema labda ni mabaki ya karamu nyingine, mtu kalisahau. Lakini mfupa hauachwi mezani mbwa wakauchezea, wanyama wenyewe wakikasirika mwakani hatuoni hata kwato. Nikalichukua nalo."

"Babu, si ulikwisha kuupapasa Minnie alipokupa?" Dorcas akauliza.

"Alinipa nikiwa sijala. Aliyekula dubu hakumbuki ya kabla ya dubu."

"Nitaushusha," Malcolm akasema. "Ngazi bado ipo. Niushushe, niupeleke, mgeni hajatua."

Babu akaacha kucheka. Hakukasirika, aligeuza tu bata mmoja juu ya moshi.

"Nimekwisha kumshukuru mnyama mwenyewe," akasema. "Nimemwambia, hiki nimekurudishia. Leo nipande nimwambie nipe, kuna mama anakuja kukagua? Wewe Malcolm, mtu akikupa kitu halafu kesho yake akakinyakua mkononi mwako, utamwitaje?"

"Ni kulungu mwingine kabisa, babu. Hata si dubu wako. Amekufa kabla hatujazaliwa."

"Ndiyo kwanza anastahili. Kakaa kwenye sanduku muda wote huo hajarudishwa na mtu." Akafuta mikono. "Ninyi mna miguu. Pandeni mkitaka, sitawazuia. Mimi sitapanda."

Malcolm alimtazama Dorcas. Dorcas alitazama ngazi, kisha akaisikia ndege, akaiacha ngazi pale ilipo.

Bi Gauthier alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mwenye mvi zilizokatwa fupi, na kiatu kimoja kimekwisha kuzama matopeni kati ya gari na mlango. Waliingia Nyumba ya Mila wote: yeye, Dorcas, Minnie, Bella na sahani zake, Malcolm na matope yake, na Babu Sinclair aliyesikia kuna bata wa kuchoma. Rubani alibaki kiwanjani na masanduku.

Bella alimwekea mgeni sahani kabla hajavua koti. Malcolm akaombea chakula, kwa kifupi kuliko siku zote. Mgeni alikula vipande viwili, kisha macho yakaenda kabatini yakakaa huko.

"Kabati liko tupu," akasema.

Minnie akaushika ufunguo wake shingoni. Dorcas akasimama.

"Liko tupu, mama. Nimepeleleza tangu asubuhi na nitakwambia kama ilivyo. Mfupa haujaibwa. Haujavunjika. Ulitolewa na mwangalizi ili wazee waushike, ukaachwa mezani, na kwetu mifupa haiachwi mezani. Mzee huyu akaurudisha unakorudishwa. Mchungaji alishika ngazi."

"Kwa kutojua," Malcolm akasema.

"Kwa amina," Dorcas akasema. Akampa mgeni darubini, akamsogeza dirishani. "Ule mti wa ncha. Chini ya mbavu. Upande wa tepe za samawati."

Bi Gauthier alitazama. Kilisikika kijiko cha Babu peke yake. Aliirekebisha darubini, akatazama tena.

"Ni wenyewe," akasema. "Naziona nyufa." Akageuka. "Kwa hiyo unanyeshewa mvua."

"Ikinyesha," Babu akasema.

"Nimepewa agizo moja tu. Nilichowapa nikikute ndani ya nyumba hii. Kisipokuwamo, masanduku yanarudi." Hakusema kwa ukali. Alimgeukia Bella, maana alijua kofia ni ya nani. "Ngazi naiona kutoka hapa. Mwambieni mzee akishushe, tumalize."

Minnie alimtazama mama yake. Wote walimtazama. Bella alikuwa ameshika sufuria ya mchuzi kwa vitambaa viwili. Alitazama dirishani kuelekea kiwanja cha ndege, ambako mkia wa ndege ulionekana juu ya vichaka. Alitazama hivyo mpaka mchuzi ukaacha kutoa mvuke.

Kisha akaenda kwa Babu Sinclair, akamwongezea mnofu, akamwongezea na mchuzi.

"Kula, kaka," akasema. "Usikiache kipoe."

"Mama," Minnie akanong'ona.

"Nimemwambia ale."

Bi Gauthier alikaa. Akaweka mikono juu ya meza, akaangalia rafu zile tupu.

"Na hayo mengine," akauliza, "nikiyaacha hapa, nayo nitayakuta mtini?"

"Kofia utaikuta kichwani mwangu," Bella akasema bila kugeuka. "Kanisani, na kwenye fidla, na nikienda kuchota maji ili wanitazame. Nikifa atavaa huyu."

"Itachakaa."

"Itachakaa. Mama aliishona ili ichakae."

"Na ngoma mniachie mimi," Babu akasema na mdomo umejaa. "Macho ndiyo mabovu, mikono bado."

"Mimi ngoma sitaki kuisikia karibu na kanisa," Malcolm akasema. Akajikuna shingo. "Lakini ikihitaji kubebwa, nitabeba."

Mlango ukafunguliwa. Rubani alisimama kizingitini, kofia mkononi, upepo ukiingia naye.

"Mama, upepo unageuka. Nishushe masanduku au nirudi nayo?"

Bi Gauthier alimalizia kipande cha bata kilichobaki kwenye sahani, akafuta vidole. Akainuka. Karibu na jiko zilining'inia glavu nene za ngozi, zile Minnie anazobebea magogo. Akazishusha kwenye msumari, akazivaa moja baada ya nyingine, zikamfika karibu na viwiko. Akampita rubani mlangoni, akatoka nje kuelekea kwenye mlango wa mizigo wa ndege.